Mustang ya 1967 na fremu mpya ya nyuma: uzoefu wangu hapa Malindi

Nianze na hukumu, maana wengine mtasoma hapo tu: kifaa, yaani fremu hiyo na vyuma vyake vya kushika ekseli ya nyuma, ni kizuri, gari limebadilika kabisa, na bado si kila mwenye gari la kale huku pwani ningemwambia akinunue.

Gari lenyewe ni Ford Mustang ya 1967, V8 ya lita 4.7, usukani ulihamishiwa kulia kabla sijalipata. Nyuma lilikuwa na kilekile lilichotoka nacho kiwandani: ekseli moja nzima, ule mhimili wenye gurudumu kila ncha, imekalia springi za bapa, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine kama za pikapu. Springi hizo zafanya kazi mbili kwa mpigo, kubeba uzito na kuishika ekseli isihame. Sasa ukikanyaga mafuta kwa nguvu, ekseli hutaka kujizungusha kinyume cha magurudumu, springi zinajipinda, zikifyatuka tairi zinadunda. Ukiwa ndani wasikia tu-tu-tu chini ya kiti cha nyuma, na gari haliendi popote.

Nilichofunga ni fremu ndogo ya mabomba ya chuma inayokaa juu ya ekseli, katikati ya reli mbili za bodi, zile mbavu ndefu za chini ya gari. Hapo vimeshikizwa vyuma viwili vya juu, vimekaa mshazari ili ekseli isiyumbe kando. Viwili vya chini vinaingia palepale springi za zamani zilipofungwa upande wa mbele. Uzito unabebwa na springi za koili zilizovalishwa shokomzoba. Kila kazi imepata mwenyewe. Kuhusu bei, ni zaidi ya dola elfu mbili bila usafiri, kisha Mombasa kuna ushuru wako na VAT ya asilimia 16. Vyuma hivi vina uzito, kwa hiyo usipige hesabu ya usafiri kwa macho.

Tangazo lilisema kila kitu ni cha bolti, hakuna kuchomelea. Ni kweli nusu. Fremu yenyewe inafungwa kwa bolti, tena vizuri: unatoboa reli, unaingiza kijibomba ndani ya tundu, ndipo unapitisha bolti, ili ukikaza reli isibonyee, maana ndani ni tupu. Lakini mabano ya kushikia vyuma hivyo kwenye ekseli lazima yachomelewe. Na Mustang za miaka ile tangi la mafuta ndilo sakafu ya buti. Limedumbukizwa kutoka juu, likafungwa kwa skrubu, basi. Fundi wangu hakutaka hata kuwasha mashine kabla tangi halijatolewa na kupelekwa nje ya gereji. "Bwana, tukichomelea na tangi liko hapo, wewe tutakwenda kukuokota Mambrui."

Ila kabla ya hayo yote kulikuwa na kutu. Mustang haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Reli zake ni sehemu ya bodi, bamba jembamba lililokunjwa. Ukalishe gari kama hilo mji ambao upepo wa bahari unapiga mchana na usiku, na kaskazi ikivuma hata bawaba za mlango zinalia. Fundi alipita na nyundo ndogo akigonga reli na kusikiliza. Upande wa kulia ulijibu vizuri. Wa kushoto, nyuma ya gurudumu, ulijibu kwa sauti ya kopo, ikabidi kipande kikatwe na kutiwa bamba jipya. Kazi hiyo ilitugharimu muda kuliko kifaa chenyewe, na hakuna karatasi yoyote iliyokuja nacho inayoitaja, kwa kuwa imeandikiwa watu wenye magari makavu. Mzee mmoja mwenye mashua alipita akatucheka, akasema sisi twahangaika na rangi za dukani na sifa ipo, ile ya kupaka mashua. Gari linalonuka mafuta ya papa sikulitaka. Tulipaka rangi ya zinki, na ndani ya reli tukamwaga nta.

Kwenye kuchomelea mabano fundi alikwenda polepole: kipande kidogo kulia, kidogo kushoto, aache ipoe, arudi. Bomba la ekseli likipata moto upande mmoja linapinda, na ekseli iliyopinda inakula beringi na sili. Stima ilikatika katikati ya kazi tukaazima jenereta. Kisha pembe ya difu, ile nundu ya gia katikati ya ekseli. Springi za bapa zikijipinda difu hunyanyua pua, kwa hiyo zamani ililazimu uiinamishe sana. Vyuma hivi vipya havijipindi hivyo, digrii moja au mbili zatosha. Pembe ikikosewa, propela, lile bomba linalozunguka kupeleka nguvu nyuma, itatetemeka ukifika kasi ya barabara kuu. Yetu haitetemeki, na sifa ni za fundi, maana maelezo ya pale yalikuwa mistari mitatu na picha nyeusi.

Barabarani sasa. Ile tu-tu-tu imekufa. Nikitoka Gede kuelekea Kilifi, ile lami inayopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nikikanyaga gari linaketi na kwenda. Kona zilizokuwa zinanifanya nikaze meno nazipita nikizungumza. Mke wangu, ambaye hulipanda kwa kunistahi tu, alisema halimrushi tena.

Lakini kuna matuta. Msabaha, Gede, Matsangoni, Tezo, yote yanakusubiri, na mengine hayana rangi wala kibao. Kifaa kimetengenezwa kwa gari lililoshushwa chini. Ukifuata kipimo cha waliokitengeneza, eksozi, ambayo ilibidi ipindwe upya kuikwepa fremu, itakwaruza tuta la kwanza. Sisi tumepandisha koili karibu na mwisho wa uzi wake wa kupandishia, ule kama wa skrubu, na hapo ulaini kidogo umepotea. Kwenye murramu ya kwenda Marafa silipeleki.

Chumvi pia inakula uzi ule wa kupandishia. Mwili wa shokomzoba ni alumini, pete ya kukazia inaganda usipoipaka grisi. Kuosha kwa maji ya kisima si dawa, maana visima vyetu vingi vina chumvi pia. Viungo vya chuma vilivyokuja ncha za vyuma vya juu vilianza kulia mapema kwa mchanga. Nimeweka bushi za mpira, gari limenyamaza.

Kama Mustang yako ni ya harusi na Idi, na kutembea taratibu Lamu Road jioni, nunua springi za bapa mpya, bushi na shokomzoba nzuri. Utabaki na pesa za kutibu kutu. Kama injini yako ina nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani na waitumia, basi kifaa hiki, mradi reli zako zigongwe kwanza. Na bolti zote zikazwe upya baada ya kilomita mia chache. Zangu mbili zilikuwa zimelegea.