Kalamu ya leza ya kukagulia faiba: inaonyesha mahali, haionyeshi kiasi

Kwa yeyote anayehudumia laini ya faiba (uzi wa kioo unaobeba mtandao kwa mwanga) kati ya majengo mawili, kalamu ya leza nyekundu, inayopiga mwanga ndani ya faiba ili uone unapovujia, ni kifaa ninachopendekeza anunue mapema, ila isiwe peke yake. Nimeitumia vya kutosha kujua wapi inakupa jibu na wapi inakufanya udhani umelipata.

Yangu ni ya miliwati 10, mwanga wa nanomita 650, mwili wa chuma, betri mbili za kawaida. Kitufe kina hatua mbili: kuwaka mfululizo na kumetameta. Kumetameta usikudharau. Kwenye chumba chenye taa, doa linalowaka na kuzima jicho hulinasa upesi. Lililotulia unaweza kulipita.

Kazi iliyonionyesha thamani yake ni laini ya kutoka ofisini hadi ghalani. Mtandao wa ghalani ulikuwa ukikatika na kurudi, na lawama zote zilikuwa kwa swichi ya mtandao. Nikaanza kwa kusoma takwimu za moduli ya SFP, kipande kinachochomekwa kwenye swichi ili kirushe na kupokea mwanga: mwanga unaopokelewa ulikuwa -24 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi), wakati moduli ya aina ile, ya nanomita 1310, inahitaji angalau -19. Swichi ilisingiziwa, mwanga ulikuwa unapotelea njiani. Nikachomoa faiba pande zote mbili, maana leza hii haipigwi kwenye laini iliyo kazini, nikachomeka kalamu upande wa ofisi na kufungua kabati. Kebo fupi ya manjano ilikuwa inang'aa wekundu mahali pamoja tu, pale ilipobanwa na bawaba ya mlango. Mwanga unauona kwa macho ukivuja kwenye ganda, huhitaji kubishana na mtu. Kebo ikabadilishwa.

Kipimo kikapanda hadi -15 na laini ikatulia. Wengi wangefunga kabati wakaondoka, na hapo ndipo ninapokataa. Umbali ule ni kama mita 300. Faiba ya singomodi, ile yenye kiini chembamba sana, kwa nanomita 1310 hupoteza takriban desibeli 0.35 (desibeli ndiyo kipimo cha upotevu wa mwanga) kwa kilomita, kwa hiyo kebo yenyewe inakula kama 0.1 tu. Moduli ya ofisini inarusha -6. Hata kila konekta, yaani kichwa cha kuungia faiba, ukiipa nusu desibeli, hasara ya desibeli 9 haielezeki. Nikarudia kalamu: ghalani mwanga mwekundu ukatoka mwingi, safi, kana kwamba kila kitu ni kizima. Macho hayana uwezo wa kukuambia kwamba desibeli 7 zaidi ya kawaida zimepotea. Pawa mita, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, inao, na nilipopima kipande kwa kipande hasara ikaonekana kwenye paneli ya ghalani, pale faiba zinapounganishwa. Kwa darubini ya konekta nikaona mafuta ya kidole na vumbi katikati ya feruli, ile ncha ya konekta inayoshika faiba, juu kabisa ya kiini ambacho upana wake ni mikroni 9 hivi. Baada ya kusafisha, -7.6. Hiyo ndiyo laini iliyopona.

Upungufu mwingine: kebo ya nje yenye ganda nene jeusi haipitishi wekundu huo, kwa hiyo jembe likikata kebo ardhini kalamu itakuambia tu kwamba mwanga haufiki ng'ambo. Mahali penyewe utapajua kwa OTDR, kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga na kukadiria umbali wa hitilafu kutokana na mwanga unaorudi. Lakini OTDR nayo ina upofu wake mwanzoni mwa laini, kwenye zile mita chache za kwanza, ambako ndiko kabati, paneli na kebo fupi zilipo. Kalamu inatamba papo hapo, ndiyo maana sikubali wanaosema ukiwa na OTDR huna haja nayo.

Usiitazame ncha yake, wala usichungulie faiba yoyote iliyounganishwa. Huu mwekundu angalau unauona. Ule wa 1310 hauonekani na bado unaweza kudhuru jicho.

Manung'uniko yangu kwa watengenezaji ni moja. Tundu la kalamu ni la feruli ya milimita 2.5, kama ya konekta ya SC. Kwa konekta ndogo ya LC, ya milimita 1.25, unahitaji kiunganishi kidogo kinachokuja peke yake, bila kamba wala mahali pa kukihifadhia. Moduli nyingi za SFP zinatumia LC, kwa hiyo kikipotea kalamu inabaki tochi. Kabla ya kulipa, hakikisha kimo kwenye boksi, na kama wanauza cha akiba, chukua viwili.