Cha kununua kuhifadhi vyeti pwani ya kusini: kuanzia kinachofaa zaidi hadi laminesheni

Kuna jambo natamani kila mzazi wa Mtwara na Lindi alisikie mapema: cheti halisi usikipige laminesheni. Najua kwa nini tunaipenda. Cheti kinatoka mashineni kigumu, kinang'aa, maji hayapiti na bei ni ndogo. Lakini gundi ya ile plastiki huyeyushwa kwa moto ikashikana na karatasi, na ikishashika haitoki bila kuchana cheti. Muhuri wa kubonyeza, ule ambao mhakiki huupapasa kwa kidole, unalala. Ukitakiwa kugongewa muhuri nyuma ya karatasi, wino hauna pa kushika. Na mashine ikikikunja cheti katikati, ndiyo basi tena. Laminesheni iachie fotokopi na matangazo ya dukani. Kwenye orodha yangu inashika mkia.

Sasa tuje kwenye vya kununua.

Cha kwanza: faili gumu lenye vifuko ndani, vya plastiki iitwayo polipropilini. Ni lile lenye jalada la plastiki na vifuko angavu vilivyoshikizwa kama kurasa za kitabu, mara nyingi 20 au 40. Kila cheti kinakaa chumba chake, unakisoma bila kukitoa, na ukiitwa kwenye usaili unabeba faili zima kwapani. Kwa familia yenye watoto wawili watatu wanaosoma, vifuko 40 havitakuwa vingi ukihesabu vyeti vya kuzaliwa, vya shule, cha ndoa na hati ya kiwanja.

Hapo kwenye neno polipropilini ndipo penye kazi. Steshenari nyingi huuza mafaili ya aina mbili yanayofanana machoni, na moja kati yake litakuharibia karatasi polepole. Geuza jalada utafute pembetatu ndogo ya mishale. Namba 5 au herufi PP, chukua. Namba 3 au herufi PVC, rudisha. Kama hakuna alama, tumia vidole na pua: polipropilini ni kavu, nyepesi, na ukiikunja inatoa mlio mkavu, PVC laini ni nzito, inanata kidoleni na inanuka kama viatu vipya vya plastiki. Usione haya. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nifungulie hili ninuse kwanza." Asiyekubali, vuka barabara uende duka la pili.

Sababu yake ni hii. PVC kwa asili ni ngumu. Ili iwe laini kiwandani huchanganywa na vilainishi vyenye mafuta. Vilainishi hivyo havitulii. Miaka inavyokwenda hutoka taratibu, na kwenye joto kama letu hutoka haraka zaidi, vikalegeza wino wa mashine ya kuchapia na wa muhuri. Nimeshika cheti cha ndoa cha shangazi yangu kilichokaa miaka kwenye kava la namna hiyo. Tulipokivuta, nusu ya muhuri wa zambarau ilibaki kwenye plastiki, imegeuka kama kwenye kioo, na jina la bwana harusi likapoteza herufi mbili za mwisho. Karatasi yenyewe haikuwa na doa hata moja la maji.

Angalia na ukubwa. Faili la kawaida ni la A4, yaani milimita 210 kwa 297, lakini hati za zamani na baadhi ya vyeti huzidi hapo. Usikunje cheti ili kiingie. Nenda dukani na kipande cha gazeti ulichokikata kwa kipimo cha cheti chako kikubwa kuliko vyote.

Cha pili: kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko na klipu pande zote, lile la kuwekea chakula, ila pana. Ningeweza kuliweka la kwanza, maana ukipata pesa ya vyote viwili, faili linalala ndani ya kontena na habari inaishia hapo. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja mrefu, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na hata zikikatika hewa ya bahari haikauki kweli. Maji yenyewe nayo huja. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Aprili 2019 ilikuwa Kenneth, na Mtwara watu wakaambiwa wahame sehemu za mabondeni karibu na bahari. Saa kama hiyo unaondoka na kile kilicho mahali pamoja, chenye mfuniko.

Kontena lina sharti moja. Ukifungia karatasi yenye unyevu, umefungia ukungu humo humo. Chagua siku ya jua la kusi, Juni au Julai, anika karatasi kivulini penye upepo, kisha ndiyo ufunge. Tupia na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Cha tatu: fuko la zipu la A4. Ni rahisi, linafaa kusafiria, kutoka Newala kuja mjini kwa mfano, lakini zipu zake hufa mapema na karatasi zote zinabanana chumba kimoja. Ni la safari tu.

Bahasha ya kaki na boksi faili la karatasi ngumu naviweka pamoja, chini kabisa juu ya laminesheni tu. Vyote hunywa unyevu, na kwa mchwa wa huku ni chakula. Kuna nyumba Masasi ukiacha boksi la karatasi sakafuni mwezi mmoja unakuta udongo mtupu.

Wakulima wa korosho nina neno lao peke yao. Risiti za EFD na karatasi nyingine za mashine ndogo huchapwa kwa joto, bila wino, kwa hiyo hufifia zenyewe, na ndani ya PVC hufifia haraka zaidi. Kuzipiga laminesheni ndiyo mbaya kuliko yote: joto la mashine huigeuza risiti nzima kuwa nyeusi. Piga fotokopi siku hiyo hiyo uliyoipokea, weka kopi na risiti kifuko kimoja, pamoja na karatasi za chama cha msingi za msimu huo.

Kwa kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki na leseni, tafuta kava gumu la kipimo cha milimita 86 kwa 54, lililo wazi upande mmoja na lenye nafasi ya kidole gumba ya kusukumia kadi. Makava laini ya kuvaa shingoni mengi ni PVC ile ile. Jaribu kwa pua kabla hujalipa. Na kadi yenye chipu isikae mfuko wa nyuma wa suruali, hata ndani ya kava gumu, kwa sababu ukikaa kwenye bodaboda inapinda.