Kasuku au Karoti? Uhakiki wa Mashairi ya Robert Williams Wood

Kitabu cha mashairi ya watoto kiitwacho How to Tell the Birds from the Flowers, kilichochapishwa Marekani mwaka 1907, kinajifanya kuwa mwongozo wa kutofautisha ndege na mimea, ilhali kila ukurasa umekusudiwa kumchanganya msomaji. Mtunzi ndiye pia mchoraji: Robert Williams Wood, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na bingwa wa elimu ya mwanga. Ndiye huyo ambaye mwaka 1904, katika maabara moja mjini Nancy, Ufaransa, alichomoa kwa siri gizani prizimu, yaani kipande cha kupindisha miali, kutoka kwenye chombo cha wanasayansi waliodai kugundua miali mipya, na wenyeji wake hao wakaendelea kudai kwamba wanaiona miali ambayo haikuwapo. Si ajabu basi kwamba hata alipowachekesha watoto alichezea macho yao.

Ndege huchorwa ubavuni mwa mmea unaofanana naye kwa sura na kwa mlio wa jina la Kiingereza (parrot na carrot, kwa mfano), kisha ubeti hutoa dalili ya kuwatenganisha, na utamu wote umo katika dalili hiyo, ambayo ni ya kweli kabisa na haina faida yoyote. Kasuku, tunaelezwa, hutambulika kwa matamshi yake safi, kwa kuwa karoti haiwezi kuzungumza. Kware wa California ana mkia kichwani, ilhali sukuma wiki ni kichwa cha kabichi kilichowekwa juu ya mkia. Kumpata tukani, ndege mwenye mdomo mkubwa, juu ya mti kwahitaji wepesi mkubwa, lakini njugu za mpekani huchumwa na yeyote, hata na tukani mwenyewe. Bora kuliko wote, kwa maoni yangu, ni pafini, ndege wa bahari za baridi, aliyetua juu ya pande la barafu: mshairi amemtafutia pacha kila mahali, asipate kitu.

Si beti zote zilizofikia kiwango hicho. Ule wa kunguru na ua la krokasi umesheheni michezo ya sauti za Kiingereza hata mzaha unazama, na mtoto asiyeimudu lugha hiyo vizuri ataambulia picha tu. Kwa sababu hiyo ningewapa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, wasomewe kwa sauti na mtu mzima asiyeona haya kuigiza uprofesa. Kitabu hupatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Afadhali kukisoma kwenye kompyuta kuliko simu, ili ndege na mmea wake waonekane pamoja.