Nyota tano? Kwa kifuniko kile?

Duka limeniletea ujumbe kwenye simu: "Mteja wetu mpendwa, tupe nyota tano." Mteja mpendwa! Huyu huyu aliyeambiwa mbele ya watu kwamba mikono yake imechoka. Haya, wameomba maoni, na wayasome. Jina la duka silitaji, maana Malindi ni ndogo na shari siitaki. Wenyewe watajijua.

Nilichonunua ni jerikeni la plastiki la lita tano, jekundu, bapa, linalokaa ndani ya fremu ya chuma. Fremu inafungwa kwa bolti ubavuni mwa pikipiki, nyuma ya mguu wa abiria. Uzito na vipimo mtaviona kwenye picha zao. Mimi nina neno na kifuniko tu, tena si kifuniko chote, ni kile kipira cha duara kilicho ndani yake ambacho sidhani bei yake inafika shilingi kumi.

Kazi yangu ni ufundi wa friji. Wateja wangu wengi ni wauza samaki, kuanzia Ngomeni mpaka Kipini na Mokowe, na friji la samaki likizima halingoji kesho. Napigiwa simu alfajiri, nafunga mkoba wa vyombo, natoka. Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200, na ukikata kuingia Kipini halafu urudi uendelee na safari, hesabu ya tangi inakuwa hesabu ya dua. Lami siku hizi ipo, tunashukuru, lakini lami haitoi petroli. Mwisho wa 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, nilikuwa upande wa kule, na tangu hapo sitoki bila akiba.

Mtu ataniambia, si ununue ya chupa njiani? Nimenunua sana. Ile inayopangwa kwenye meza, chupa za maji zimesimama juani tangu asubuhi, hujui imetoka pampu gani wala imepita mikono mingapi. Zamani ilikuwa balaa zaidi, watu wakiichanganya na mafuta ya taa waziwazi kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Ndiyo sababu serikali ikaweka ule ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, uchanganyaji usiwe na faida. Ulipunguza mchezo, na maskini wa koroboi ndiye aliyeulipia. Lakini nimeshasafisha kabureta kando ya njia mara nyingi mno, na siku hizi chupa ya mezani naipita.

Kubeba mwenyewe basi. Na hapa msinifundishe, petroli naijua. Haihitaji moto mkubwa. Inatoa mvuke hata mahali penye barafu, sembuse joto letu hili, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, unatambaa chini mpaka ukutane na jiko la mtu. Kwa hiyo huiweki kwenye begi la mgongoni. Huiweki kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia uliozibwa kwa nailoni. Huifungi juu kabisa ya kariya ikawa inakuvuta ukikata kona, unaiweka chini, karibu na katikati ya pikipiki, upande usio na ekzosi. Ekzosi yangu iko kulia, nikaifunga fremu kushoto. Na unapojaza, unalishusha jerikeni chini ardhini kwanza, halafu mdomo wa pampu uguse shingo ya jerikeni muda wote, ili ule umeme unaojikusanya kwenye plastiki upate njia ya kuondoka bila cheche. Vijana wa pampu wanapenda kulijaza likiwa palepale kwenye fremu, wakiona ukilishusha wanakutazama kama mtu mwenye wasiwasi wa mashetani. Watazame tu.

Tena sikulijaza pomoni. Petroli ikipata joto inatanuka, karibu asilimia moja kwa kila nyuzi kumi. Ukiichota alfajiri kutoka tangi la ardhini na saa saba mchana iko juani kwenye njia ya Garsen, lita tano zako zimeongezeka vikombe viwili vya kahawa ya barazani. Pasipo na nafasi vitaenda wapi? Yale majerikeni ya chuma ya jeshi, waliyoyabuni Wajerumani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, yana nafasi ya hewa juu kwa makusudi, hata ukitaka kulijaza lote halikubali. Hili langu jekundu halina akili hiyo. Mchoro wa mstari wa kujazia upo, lakini umepigwa karibu kabisa na shingo. Nikaacha nafasi ya vidole vinne, nikafunga kifuniko mpaka kikagoma, nikaondoka.

Harufu ilianza baada ya Marereni. Mbele yangu kulikuwa na lori, nikamshuku yeye. Lori likakata, harufu ikabaki. Nikasimama, nikashika kifuniko, kimekaza. Nikaendelea huku pua inaniambia mambo.

Pale kizuizi cha Gamba, askari alinyoosha mkono nikiwa bado mbali kidogo. "Mzee, zima hapo hapo. Usije karibu. Unavuja." Hakunipigia kelele, na namshukuru. Alinionyesha kwa kidole mama mmoja aliyekuwa na jiko la mkaa chini ya mti, akaniambia nisukume pikipiki upande mwingine wa barabara, mbali na jiko. Nikasukuma.

Nilipoinama ndipo nilipoona. Mstari wa maji maji umeshuka kutoka kwenye kifuniko, ukapita ubavuni mwa jerikeni, na mahali ulipopita rangi nyeusi ya fremu imebanduka, chuma kinang'aa. Chini yake ilikuwa cheni. Cheni niliyoipaka grisi juzi ilikuwa imeoshwa ikawa nyeupe, kavu, kana kwamba imetoka dukani. Mguu wa suruali umelowa mpaka kwenye goti. Sasa fikiria jambo hilo linatokea upande wa kulia.

Nikafungua polepole, ikapumua "tssss" ndefu. Na ndani ya kifuniko, kile kipira kimevimba, kimelegea, kimetoka kwenye mfereji wake na kujikunja, kama mahamri yaliyosahauliwa ndani ya chai. Nikikibonyeza kinabaki na alama ya kidole. Ni raba ya kawaida, jamani! Raba ya tyubu! Mtoto yeyote anayeshinda gereji anajua kwamba raba ya namna hiyo ikikaa na petroli inainywa na kuvimba. Kuna mpira maalumu wa kustahimili mafuta, uko kwenye kabureta, uko kwenye kifuniko cha tangi la pikipiki yoyote unayoiona hapo stendi. Aliyetengeneza jerikeni hili alipiga chapa picha ya pampu ya petroli ubavuni, kubwa, halafu akatia raba ya kuzuia maji. Huo si uzembe. Huo ni utani, na anayetaniwa ni mguu wangu.

Iliyobaki nikaimimina kwenye tangi, mwili mzima unatetemeka kwa hasira, nikafika Mokowe na jerikeni tupu likiwa wazi. Pale gatini kuna mafundi wa mashini za boti, watu ambao hawafanyi kazi nyingine ila petroli na maji ya chumvi. Nikamwonyesha mmoja. Hakusema neno, alicheka kwa pua. Akatoa karatasi nene nyeusi ya mpira, ile wanayokatia vipira vya mashini, akaweka kifuniko juu, akazungusha kisu, dakika chache kipira kipya kikaingia kwenye mfereji "tap". Nikauliza bei, akasema nimpe ya chai.

Halafu akanionyesha tangi la boti lililokuwa karibu yake. Kifuniko chake kina skrubu ndogo juu. Nahodha akiwa safarini anailegeza tangi lipate pumzi, akitia nanga anaikaza mvuke usitoke. Basi. Watu wa Lamu wamekuwa wakibeba petroli kwenye vyombo miaka yote hii, juani, mawimbi yanawapiga, na wana kitu cha skrubu moja kinachowatosha. Sisi wa pikipiki tunauziwa plastiki yenye picha.

Sasa njoo dukani.

Niliporudi Malindi nilikwenda kwa amani kabisa, wallahi. Nimechukua kile kipira kilichovimba, nimekifunga kwenye karatasi. Nikatoa salamu. Kijana wa kaunta akaitika bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Nikamwekea kipira mbele yake, nikamweleza. Akakitazama, akanitazama, akasema, "Mzee, hivi vifuniko vinataka nguvu kidogo. Labda mikono imechoka."

Watu walikuwamo. Wakacheka.

Mikono imechoka! Mikono hii inafungua nati za kompresa zilizoshikwa na kutu ya chumvi. Nikameza mate. Nikamwambia, mwanangu, kifuniko hakikulegea, mpira ndio umevimba, ushike mwenyewe. Hakuushika. Akasema, "Sasa kama petroli inauharibu, si utie maji?" Nikamgeuzia jerikeni upande wenye picha ya pampu. Akasema picha ni ya kiwandani, wao hawakuichora. Nikaomba basi aniuzie kipira kingine, nilipe. "Vipira haviuzwi peke yake. Nunua jerikeni zima." Lenye kipira kile kile!

Mwenye duka alikuwa nyuma, namwona, anahesabu makaratasi. Mtu wa makamo, tunaonana msikitini. Hakusema "kijana, mheshimu mzee." Hakusema kitu. Hilo ndilo lililonikaa, kuliko hata suruali.

Kwa hiyo hukumu yangu: msinunue. Ni hatari, mwisho wa maneno.

Ila sitaki kuwa dhalimu. Fremu ile, jamani, fremu ile ni kazi ya mtu aliyewahi kupanda pikipiki. Nimeipitisha kwenye mashimo ya Kipini ambako kariya yenyewe ilipata ufa, fremu haikusogea. Inalikaza jerikeni bila kulisugua, mkanda wake haulegei, na mguu wa abiria una nafasi yake. Nilikuwa nafunga mitungi kwa mipira ya tyubu zamani, kila baada ya mwendo unasimama kukaza. Siku hizi nasahau kama nimebeba kitu. Na tangu yule fundi wa Mokowe atie kipira chake, jerikeni halijatoa hata tone. Nimelilaza ubavu usiku kucha juu ya gazeti, nje, mbali na nyumba, asubuhi gazeti kavu. Kwa hiyo plastiki yenyewe ni nzima. Ukinunua ukabadilisha kipira siku hiyo hiyo, kabla hujatia hata funda moja la petroli, una kitu kizuri, pengine kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufunga kwenye pikipiki.

Basi nyota nne.

Lakini nikiandika hivi namkumbuka yule kijana na simu yake. Mtu mwingine atalinunua leo, kijana wa boda, mgeni wa mambo haya, atalifunga upande wa kulia juu ya ekzosi kwa sababu hakuna aliyemwambia, atalijaza mpaka mdomoni kwa sababu mstari umechorwa mdomoni, atampakia mama na mtoto. Na kifuniko chake kina ile raba. Atakapokwenda kulalamika, kama atakuwa na miguu ya kwenda, ataambiwa atie maji. Nyota nne zinakwenda wapi hapo? Nazirudisha. Moja, na hiyo moja ni ya fremu.

Duka lingine lolote la hapa au la Mombasa likileta fremu ile ile na jerikeni lenye mpira wa kweli, nitanunua la pili. Kwa yule kijana sirudi, hata akiuza nusu bei. Au kwa nusu bei nimtume mwanangu.