Frankenstein: riwaya ya kutisha ambayo kitisho chake kimo mahakamani

Anayeinunua Frankenstein ya Mary Shelley akitarajia mitambo ya radi iliyozoeleka katika filamu atashangaa, kwa kuwa kuumbwa kwa kiumbe kunamalizika katika kurasa chache. Kilichonishika mimi ni kesi ya Justine Moritz, mtumishi wa nyumba ya akina Frankenstein mjini Geneva, anayeshtakiwa kwa kumuua mtoto William, mdogo wake Victor Frankenstein, yule aliyemuumba kiumbe.

Usiku wa mauaji Justine alikuwa nje akimtafuta mtoto huyohuyo. Malango ya mji yakafungwa kabla hajarudi, akajihifadhi bandani, na baadaye picha ndogo aliyokuwa ameivaa William ikakutwa mfukoni mwake. Elizabeth, mchumba wa Victor, anasimama kumtetea, lakini utetezi wake unamwongezea mshtakiwa mzigo, maana umati sasa unamwona kuwa mtovu wa shukrani aliyewageuka waliomlea. Kura za majaji zinatoka zote nyeusi. Ndipo Justine anapokiri kosa ambalo hakulitenda, baada ya padri kumtishia kumtenga na Kanisa na kumtajia moto wa jehanamu, hadi yeye mwenyewe akakaribia kuamini kwamba ndiye zimwi analoelezwa. Sijui riwaya nyingine ya kutisha inayolitumia neno hilo kwa ukatili kiasi hiki.

Victor anajua kwamba muuaji ni kiumbe wake, naye ananyamaza kwa kuhofia kuonekana mwendawazimu. Hofu hiyo ina mantiki, nakubali. Kilichoniudhi ni kwamba anadiriki kusimulia kuwa mateso yake yeye yalizidi ya msichana anayesubiri kuuawa, kwa kuwa yule alikuwa na faraja ya kutokuwa na hatia. Mbele zaidi yeye mwenyewe anashukiwa nchini Ireland kwa kifo cha rafiki yake Clerval, lakini anapata hakimu mpole, baba yake anasafiri kumfuata, na inathibitishwa kwamba mwili ulipopatikana yeye alikuwa katika visiwa vya Orkney. Anaachiwa huru. Mwandishi hazilinganishi kesi hizi mbili kwa kirefu; anamwachia Victor aseme kwa maneno machache tu kwamba Justine alishtakiwa kosa kama lake naye akafa kwa ajili yake, na nadhani alifanya vyema.

Kasoro zipo. Justine ni mwema mno. Anazungumza gerezani kana kwamba hasira hazijui, na akishauawa riwaya inamgeuza kuwa jina la kuutia uchungu moyo wa Victor. Masaibu ya familia ya De Lacey, ambayo kiumbe anaichungulia kwa siri, iliyofilisiwa na kufukuzwa Ufaransa kwa kumwokoa mfanyabiashara aliyehukumiwa kwa chuki, yamesimuliwa kwa haraka ya muhtasari.

Mnunuzi aangalie pia ananunua toleo gani. Katika lile la kwanza, la 1818, kiumbe anamwona Justine akipita, anamnyemelea na kuitia picha katika mikunjo ya gauni lake. Katika lile lililorekebishwa la 1831 anamkuta amelala juu ya majani makavu, anamwinamia na kumnong'oneza maneno ya mapenzi, kisha anaingiwa na hofu kwamba akiamka atamlaani na kumtaja kuwa muuaji. Kwa hiyo anaamua kwamba Justine ndiye atakayelipa. Yaani anamwadhibu kwa dharau ambayo bado hajaionyesha, sawasawa na watu walivyomhukumu yeye kwa sura kabla hajatenda lolote, hata akapigwa risasi baada ya kumwokoa msichana aliyekuwa akizama. Wako wanaolipendelea toleo la 1818 kwa ukali wake, lakini kwa ukurasa huo mmoja mimi nachagua la 1831. Kuyatofautisha ni rahisi: la 1831 lina sura 24 zinazofuatana moja kwa moja, ilhali la 1818 limegawanywa katika juzuu 3, na kila juzuu inaanza tena na sura ya kwanza.