Kliniki ya korona ya muda mrefu: uzoefu wangu na neno "jikaze"

Nilisubiri miezi kadhaa kupata nafasi katika kliniki hii ya watu wanaoendelea kuugua muda mrefu baada ya kuambukizwa korona, na siku niliyoitwa iliniacha mgonjwa kuliko nilivyoingia.

Kabla ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi, nilipewa fomu. Ukurasa wa pili uliuliza kama hali yangu huwa mbaya zaidi siku moja au mbili baada ya kazi ndogo, nami nikaandika, kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, kwamba nikifua nguo chache leo, kesho kichwa hakiinuki kwenye mto. Mtaalamu yule alisoma ukurasa wa kwanza, akailaza fomu kifudifudi mezani, akapitia majibu ya damu na picha ya kifua, kisha akasema sina tatizo lolote ila mwili umezoea kulala. Akanipandisha kwenye baiskeli ya mazoezi. Nilipomwomba tuache, alinijibu mbele ya wagonjwa wengine: "Mama, jikaze! Ukiudekeza mwili hutapona."

Nilijikaza. Jioni ile nilijiona mzima, lakini keshokutwa yake sikuweza kufika msalani bila kushikwa mkono, na kwa siku nne nililala gizani, hata mlio wa kijiko kikombeni ukinipasua kichwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba majibu mazuri ya vipimo hayaufuti ugonjwa huu, na wenye taaluma walikwisha kuonywa. World Physiotherapy, shirikisho la wanataaluma wenzake, lilitoa waraka mwaka 2021 likiwataka wachunguze kwanza kama mgonjwa huzidiwa baada ya kujitumikisha, kabla ya kumpa mazoezi yoyote. Swali hilo lilikuwa mezani pake, nami nilikuwa nimelijibu.

Nilikusudia kuishia hapo na kuwasihi msiende. Dada yangu alinishurutisha nirudi, nikapokewa na mtaalamu mwingine, binti, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Pole, mama. Baada ya siku ile, kesho yake uliamkaje?" Nililia. Alinilaza kitandani akapima mapigo ya moyo, yakawa 74 kwa dakika; kisha akanisimamisha nikiegemea ukuta kwa dakika 10, akipima kila dakika, mpaka yakafika 112. Alinieleza kwamba kwa mtu mzima ongezeko la 30 au zaidi katika kipimo hicho si uvivu, ni dalili ya kufuatiliwa. Akanifundisha kuoga nikiwa nimekaa, kuigawa kazi vipande vipande na kupumzika kabla sijachoka badala ya baada ya kuchoka. Sasa nafagia chumba kimoja na kesho yake naamka.

Kwa ajili ya binti huyu ningewaambia nendeni nyote, hata mkisubiri mwaka. Lakini juzi, nikitoka kwake, nilipita mlango wa yule wa kwanza nikasikia sauti ileile ikimwambia mtu, "Jikaze," na miguu ikaniisha nguvu kwa hasira. Sikuthubutu kuingia, na jambo hilo linanisumbua mpaka sasa. Basi siwezi kuisifu kliniki ambayo kupona kwako kunategemea umefunguliwa mlango upi. Ukiitwa, igeuze fomu mwenyewe, na usiiguse baiskeli kabla mtaalamu hajausoma ukurasa wa pili mbele yako.