Kioo cha laptopu iliyokufa, sasa ni monita ya pili kaunta: uzoefu wangu Nyegezi

Kama tayari unacho kioo kizima cha laptopu iliyokufa, bodi ya kukigeuza monita ni hela iliyokwenda mahali pake. Kama huna, na unapiga hesabu ya kununua kioo, kisha bodi, kisha umlipe fundi, acha. Tafuta monita ya mtumba ya inchi 19 umalize shughuli siku hiyohiyo. Nasema hivyo baada ya kukitumia kitu hiki dukani msimu mzima wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu.

Nina steshenari Nyegezi, Mwanza, upande wa kwenda chuo kikuu cha SAUT. Fotokopi ipo, lakini kinacholeta watu ni fomu za mtandaoni. Mwombaji anakuja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi), namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, na wewe unatakiwa kuona cheti na fomu kwa wakati mmoja kwenye kioo cha inchi 14. Stoo kulikuwa na laptopu ambayo mazabodi yake iliungua, kioo chake hakina hata mkwaruzo. Ndiyo hiyo.

Watu wengi wanakosea kwa kununua bodi kwa inchi. Muuzaji anauliza "inchi ngapi?", unajibu 15.6, anakupa. Inchi hazisemi kitu. Kinachosema ni karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa kioo, ambayo huioni mpaka ufungue fremu ya mbele. Changu kimeandikwa LP156WH4: ni cha LG, nukta 1366 kwa 768, mwanga wa LED, tundu la pini 40 la aina ya LVDS (njia ya zamani ya kupeleka picha kwenye kioo). Nakili namba nzima pamoja na herufi za kwenye mabano, kisha itafute kwenye tovuti ya Panelook. Itakwambia pini, volti na chaneli (njia za kupitishia picha). Vioo vyembamba vya miaka ya karibuni vingi vina pini 30 za eDP (njia mpya zaidi), na bodi ya LVDS haiongei navyo kabisa. Vile vya zamani zaidi vyenye waya mbili pembeni vinatumia taa ya mirija: inahitaji inveta ya volti mamia kadhaa, na ndani ya mrija kuna zebaki. Hivyo mimi sivigusi.

Bodi yangu ni ya V29, bodi ya TV ambayo mafundi wanaiita yunivaso kwa kuwa inakubali vioo vingi. Iliagizwa Kariakoo ikaja na basi, nikaipokea stendi ya Nyegezi. Pamoja na waya wa LVDS, vitufe na rimoti ilinigharimu shilingi 45,000. Faida ya V29 ni kwamba ukubwa wa picha unaupanga kwa jampa ndogo (vifuniko vya kuunganisha pini) kwenye bodi. Ya V59 inataka uipakie programu inayolingana na kioo kwa flashi, na ukikosea faili unabaki unatazama weusi. Sehemu ya antena haina kazi hapa kwetu: ni ya analojia, na Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata.

Kuna jampa moja ambayo fundi wangu wa mjini, karibu na Makoroboi, hakutaka hata niiguse. Inachagua volti zinazokwenda kwenye kioo: 3.3, 5 au 12. "Bosi, kioo cha laptopu kinakula tatu nukta tatu," akaniambia huku anapima kwa mita kabla hajachomeka chochote. "Ukikilisha kumi na mbili, kanunue kingine." Tundu la pini 40 nalo ni jepesi mno. Waya ukiingia humo kimshazari, fyuzi ndogo iliyo kwenye kioo inaondoka, unabaki na picha isiyo na mwanga nyuma. Kwa hiyo hela ya fundi sikuinung'unikia.

Fremu sikutengeneza. Tuliacha kioo ndani ya mfuniko wake wa asili na bawaba zake, tukazifunga bawaba kwa skrubu kwenye ubao, bodi ikakaa kwa nyuma ndani ya kiboksi cha plastiki cha swichi. Umeme ni wa adapta ya kamera za ulinzi, volti 12 ampea 2. Sura yake si ya kuringia, lakini inakunjuka na kusimama pale unapoiacha.

Siku ya kwanza maandishi yalikuwa na ukungu, na nusura niilaumu bodi. Kupitia HDMI bodi hizi hujitambulisha kwa kompyuta kama TV ya 1920 kwa 1080, halafu zinaibana picha iingie kwenye nukta chache zilizopo. Ukiingia kwenye mipangilio ya Windows ukachagua 1366 kwa 768, herufi zinakaa sawa. Kama haipo kwenye orodha, jaribu waya wa VGA. Mimi nimebaki na VGA, hauna longolongo.

Faida niliyoitarajia ni kuona cheti huku na fomu kule. Niliyoipata ni kubwa zaidi: kioo cha pili nimekigeuzia mteja. Nabonyeza kitufe cha Windows na P, nachagua kutanua, navuta ukurasa wa mwisho wa fomu hadi upande wake, namwambia asome mwenyewe kabla sijatuma. Mama mmoja kutoka Sengerema, aliyemsindikiza binti yake, aliweka kidole kwenye kioo akafuata tarakimu moja moja za NIDA kama anahesabu vifungu vya dagaa, akasimama katikati: "Mwanangu, hapa kadi inasema saba." Ilikuwa saba kweli. Zamani ningeligundua hilo baada ya ombi kurudi, na mteja angejua ni kosa la duka.

Kasoro zipo. Kioo ni cha TN, aina isiyopenda kutazamwa kwa pembe, na mteja aliyesimama anakitazama kutoka juu, rangi zinapauka. Nimekilaza nyuma kidogo, imesaidia, ila wa pembeni yake bado haoni vizuri (kwa vyeti vya watu hilo halinisumbui). Kasoro ya Mwanza hasa ni wadudu wa ziwani. Jioni wale wanaoinuka ziwani kama moshi wakifika mtaani hufuata mwanga, na mfuniko wa laptopu uliofunguliwa una nyufa. Wakiingia kati ya kioo na zile karatasi za kusambaza mwanga, wanafia humo na unabaki na vidoa vyeusi katikati ya picha. Kuwatoa ni kufumua kioo chote. Zibeni kingo kwa tepu ile nyeusi ya umeme kabla ya kuanza kukitumia jioni, na acheni wazi upande wa bodi tu ipumue.

Umeme ukikatika sifungi duka. Laptopu ina betri yake, na monita hii inakula wati chache, hivyo naiendesha kwa betri ya sola. Angalizo: betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14 na zaidi, kwa hiyo kati yake na bodi nimeweka kidhibiti kinachoshusha hadi 12.

Jirani yangu anayepiga picha za harusi ameiona na anataka kama hiyo kwa kuhariri. Nimemkatalia. Kioo hiki kinatoa rangi 262,144, wakati monita ya kawaida ya sasa inatoa zaidi ya milioni 16. Gauni la bibi harusi litakuwa jeupe kwake na krimu kwa mteja. Nimempa namba ya muuza monita za mtumba.